Sera ya Faragha kwa Biashara Ndogo: Tuliyojifunza Katika Dawati Letu la Tafsiri

Kurasa hizi zimezoea kuwaletea habari za ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundishia. Safari hii tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana kuwa la wanasheria na watu wa kompyuta, ilhali wahitimu wetu wanakumbana nalo mara tu wanapoondoka chuoni. Jambo lenyewe ni sera ya faragha, yaani maandishi ambamo mwenye biashara anawaeleza wateja wake ni taarifa gani zao anazichukua, anazitumia kwa kazi gani, anazitunza wapi na kwa muda gani, na ni nani mwingine anayeweza kuziona.

Wahitimu wa Kiswahili hapa Uganda hawaendi wote kufundisha shuleni. Wapo waliofungua ofisi za tafsiri zenye meza moja na kompyuta moja. Wapo wenye vibanda vya fotokopi na uchapaji. Tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwezi Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi kwa kufuata uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kupendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni, wapo pia walioanzisha vituo vya tuisheni ambamo wazazi huacha majina ya watoto, namba za simu na hata ripoti za mitihani. Wengi wao hurudi kutuuliza: "Mwalimu, biashara yangu ni ndogo kiasi hiki, sera ya faragha ya nini?" Swali ni la haki. Sisi wenyewe tuliliuliza zamani, na jibu tulilipata kwa njia ya aibu, kwa hiyo tuanzie hapo.

Yaliyotukuta

Idara yetu ina dawati la tafsiri. Si kampuni, ni meza iliyo karibu na dirisha, kabati la chuma, kompyuta na mwalimu wa zamu. Watu huleta nyaraka zao, hulipa kwa kila ukurasa, na fedha hizo hununua karatasi, wino na vitabu. Wanaokuja wana mahitaji ya kila aina: cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayehamia shule ya Mwanza, mkataba wa kuuza kiwanja, hukumu ya talaka, barua ya hospitali. Wapo pia ndugu zetu kutoka Kongo ya mashariki, ambao Kiswahili ndiyo lugha waliyokuja nayo, na ambao huleta maelezo yao ya ukimbizi ili yageuzwe kuwa Kiingereza. Maelezo hayo yana majina ya vijiji, ya waliouawa na ya wale wanaowaogopa mpaka leo.

Kama walimu, tuliona mali. Nyaraka halisi ni hazina kwa somo la tafsiri, maana vitabu vya kiada vina mifano michache ya lugha ya mahakama. Hivyo siku moja mmoja wetu alichukua hukumu ya talaka tuliyokuwa tumekwisha kuitafsiri, akaitoa nakala thelathini na kuwagawia wanafunzi wa mwaka wa pili. Jina la mume lilifutwa kwa kalamu nyeusi. Jina la mke lilifutwa katika ukurasa wa kwanza tu. Katika ukurasa wa tatu lilibaki, pamoja na jina la kijiji na sababu za talaka. Mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono, akashusha, akasubiri darasa litoke, kisha akaja mbele na kusema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, huyu ni senga wangu." Asiyejua Kiganda aelewe kwamba senga ni shangazi, na katika jamii nyingi za hapa ndiye mtu ambaye binti huambiwa kwake mambo yasiyosemwa na mama. Yule mwanafunzi alikuwa amesoma mambo ya senga wake mbele ya wenzake ishirini na tisa.

Tuliomba radhi. Tulikusanya nakala, zilirudi ishirini na saba. Tatu hatujui zilikokwenda mpaka hii leo.

Hakuna mtu katika idara aliyekuwa na nia mbaya, na hilo ndilo tunaloomba msomaji alishike. Hatukuuza taarifa za mtu wala hatukuibiwa kompyuta. Tulikosa tu sentensi moja iliyoandikwa mahali, inayosema kwamba nyaraka za mteja hutumika kwa kazi aliyoileta na si kwa kazi nyingine. Kama sentensi hiyo ingekuwepo ukutani, yule mwenzetu angeiona kabla ya kwenda kwenye mashine ya fotokopi.

Siri na faragha

Kwa kuwa jarida hili ni la lugha, turuhusiwe kusimama kidogo kwenye maneno. Wanafunzi wengi hutafsiri jina la maandishi haya kuwa "sera ya siri" au "sera ya usiri", na wateja wanaposoma hivyo hufikiri biashara ina mambo ya kuficha. Siri ni jambo linalofichwa. Faragha ni hali ya mtu kuwa peke yake na mambo yake bila kuingiliwa. Mtu anaweza kukosa siri yoyote na bado akawa na haki ya faragha: namba yangu ya simu si siri, watu mia wanayo, lakini sikumpa mwenye kibanda cha fotokopi ili amgawie muuza viwanja.

Kuhusu hizo taarifa zenyewe, majirani hawajakubaliana. Tanzania imeiita sheria yake ya mwaka 2022 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na chombo chake kinaitwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya husikika zaidi "data ya kibinafsi". Sisi hufundisha "taarifa binafsi" kwa maandishi yanayosomwa na mteja wa kawaida, kwa sababu mama wa sokoni anaelewa taarifa kabla ya kuelewa data. Anayetafsiri kwa ajili ya ofisi ya Nairobi na afuate ya Nairobi.

Neno "sera" nalo lina uzito wake. Linanukia serikali na vyama vya siasa. Kwa kweli mwenye biashara anahitaji maandishi ya aina mbili: ya ndani, yanayowaambia wafanyakazi wafanye nini, na ya nje, yanayomwambia mteja atendewe nini. Haya ya nje tungependelea yaitwe ilani ya faragha au tangazo la faragha. Lakini "sera ya faragha" imekwisha kuenea kwa yote mawili, na hatuoni faida ya kupigana na mto uliokwisha kupita.

Kuhesabu karatasi

Tulipoamua kuandika sera yetu, tulidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo hatukuandika chochote. Tulikuwa tunahesabu. Huwezi kumwambia mteja unatunza nini kabla hujajua unatunza nini, na hapa ndipo, kwa maoni yetu, biashara ndogo inapata faida kubwa kuliko zote, hata kabla hajasoma mtu yeyote.

Katika kabati tulikuta nakala za vitambulisho vya taifa ambazo hatukukumbuka kwa nini tulizichukua. Mtu alikuwa ameanzisha desturi hiyo, akastaafu, desturi ikabaki. Katika kompyuta tulikuta tafsiri za miaka yote tangu inunuliwe, zikiwa zimepewa majina ya wateja, na kompyuta hiyo hutumiwa na wanafunzi wanaochapa tasnifu zao. Tulikuta flashi nne katika droo. Mbili hazikuwa zetu. Katika simu ya mwalimu wa zamu kulikuwa na picha za vyeti zilizotumwa kwa WhatsApp, na simu hiyo mwanawe huichezea jioni. Anuani yetu ya barua pepe ilikuwa na nywila moja iliyojulikana na watu tisa, watatu kati yao wamekwisha kuhama idara.

Kila kitu kati ya hivyo kilikuwa ajali inayosubiri siku yake. Kukipunguza hakukutugharimu shilingi. Nakala za vitambulisho tuliacha kuzichukua kabisa. Kumwangalia mteja na kitambulisho chake kunatosha, kisha anarudishiwa. Tafsiri za zamani tulizifuta, isipokuwa zile ambazo wateja walituomba tuwatunzie. Nywila tukaibadilisha. Mtu asiyekuwa na kitu nyumbani hana haja ya kumwogopa mwizi, na biashara isiyoweka karatasi isizozihitaji haina haja ya kueleza zimepotelea wapi.

Tumewashauri wahitimu wetu waanze vivyo hivyo. Mmoja wao ni wakala wa pesa kwa simu. Alipohesabu, aligundua kwamba hatari yake kubwa ilikuwa daftari lililo wazi juu ya kaunta, ambamo kila mteja huandika jina, namba ya simu, kiasi cha fedha na kutia sahihi, huku akiona mistari yote iliyo juu ya wake. Kwa mtu mwenye nia mbaya, ukurasa mmoja wa daftari hilo ni silaha. Anajua Fulani ametoa shilingi ngapi leo asubuhi na namba yake ni ipi. Jioni anampigia akijifanya mfanyakazi wa kampuni ya simu, anamtajia muamala wenyewe kwa usahihi, na mtu anaamini. Utapeli wa aina hiyo haudai ujuzi wa kompyuta hata kidogo. Mhitimu wetu alichukua kipande cha kadibodi, akakikata dirisha la mstari mmoja, na sasa kadibodi hiyo hulala juu ya ukurasa. Kisha akaandika kwenye ukuta kwamba daftari husomwa na yeye na kampuni anayoiwakilisha, basi. Wateja waliuona mstari huo. Wengine walimwambia kwamba kwa wakala wa jirani hawaendi tena.

Mteja, mfanyakazi, mshirika

Hilo la wateja kuhamia kwake ndilo wengi hulitaja kwanza wanapozungumzia faida za sera ya faragha, nasi hatulikatai, ila tunadhani linaeleweka bila maneno mengi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mtafsiri, mpiga chapa, mwenye duka la dawa, fundi wa simu, wote ni kata. Mteja amechovya kwao kwa sababu hana budi. Anapokuta wameandika mapema watakavyotenda, anapumua. Asipokuta, hasemi kitu, ila safari nyingine huenda kwingine, na mwenye duka hajui kamwe kwa nini.

Kuhusu wafanyakazi tuseme zaidi, kwa sababu huko ndiko biashara ndogo huumia. Biashara kubwa ina idara ya sheria. Biashara ndogo ina binti wa shemeji anayekaa kwenye kaunta wakati wa likizo. Binti huyo anapompiga picha mteja aliyevaa gauni zuri saluni na kuiweka kwenye mtandao, amefanya kosa gani? Hakuna aliyemwambia kwamba ni kosa. Mtu anayeacha kazi na kuondoka na namba za wateja mia mbili katika simu yake, kisha akafungua duka mtaa wa pili na kuwatumia ujumbe wote, utamwambia nini? Ukiwa na ukurasa mmoja aliousaini siku ya kwanza, unao msimamo, na yeye pia anao ulinzi, maana anajua mpaka wake. Bila ukurasa huo yanabaki manung'uniko ya kifamilia, na haya, kama tujuavyo, huvunja harusi na biashara kwa pamoja.

Upande wa tatu ni washirika wakubwa. Ofisi ya tafsiri ikitaka kazi ya shirika la Ulaya, itaulizwa kuhusu ulinzi wa taarifa kabla ya kuulizwa bei. Hii si dharau. Tangu tarehe 25 Mei 2018, kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya inalitaka shirika linalompa mtu mwingine kazi ya kushughulikia taarifa za watu liwe na mkataba naye, na liridhike kwamba anazilinda. Mtafsiri wa Kampala anayepokea mahojiano ya wakimbizi kutoka shirika kama hilo ni huyo mtu mwingine. Tuliwahi kuona kazi ya kurasa nyingi ikimponyoka mhitimu hodari, mwenye Kiswahili safi kuliko chetu, kwa sababu fomu ilimtaka aambatishe sera ya faragha naye hakuwa nayo. Kazi ikaenda kwa aliyekuwa nayo. Vivyo hivyo kwa anayetaka kuweka programu yake ya simu katika duka la Google au la Apple, hata kama ni programu ya kufundishia watoto methali: bila sera ya faragha haipokelewi.

Sheria zinasemaje

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika ibara ya 27, inalinda faragha ya mtu, makazi yake na mawasiliano yake. Sheria mahususi ilikuja mwaka 2019, ikafuatiwa na kanuni za mwaka 2021, na ipo ofisi ya ulinzi wa taarifa binafsi ambako wanaokusanya taarifa hizo hutakiwa kujisajili. Kiini chake kinaeleweka bila wakili. Chukua taarifa kwa ridhaa ya mwenyewe. Mwambie kabla ya kuchukua: wewe ni nani, unazitakia nini, akikataa itakuwaje, nani ataziona, zitakaa muda gani, na kwamba anaweza kuja kuziona na kuzisahihisha. Msomaji makini atagundua kwamba orodha hiyo ya mambo ya kumwambia mtu ndiyo sera ya faragha yenyewe. Aliyeiandika vizuri amekwisha kutimiza sehemu hiyo ya sheria. Kwa taarifa za mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na wenye vituo vya tuisheni walizingatie hili. Taarifa za afya, za imani na za fedha za mtu zinahitaji uangalifu wa ziada. Kampuni ikipatikana na hatia inaweza kutozwa faini ya hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka.

Rwanda ilitunga sheria yake mwezi Oktoba 2021 na kuwapa watu miaka miwili ya kujiandaa. Tanzania ilianza kuitumia ya kwake tarehe 1 Mei 2023. Kongo iliingiza suala hili katika Kanuni ya Dijitali ya mwaka 2023.

Kenya ina la kutufundisha zaidi, kwa kuwa sheria yake ya mwaka 2019 imekwisha kuuma. Mwezi Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data ilitangaza faini tatu kwa siku moja. Mgahawa mmoja wa Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka picha ya mteja katika mitandao ya kijamii bila ridhaa yake. Shule moja ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Kampuni ya mikopo ya simu ilitozwa 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu iliyozipata kwa wengine ili kuwasumbua kwa ujumbe na simu. Tazama kwamba mbili kati ya hizo ni kesi za picha. Hapakuwa na mdukuzi wala mtambo. Palikuwa na mtu mwenye simu aliyependa biashara yake ionekane imechangamka.

Wenye biashara ndogo nchini Kenya hupenda kutaja msamaha uliomo katika kanuni za usajili: mwenye mapato ya mwaka yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika kumi halazimiki kujisajili. Ni kweli, lakini wasome mpaka mwisho. Msamaha huo hauwahusu wenye shule, zahanati, hoteli, huduma za fedha, usafirishaji na wengineo waliotajwa. Tena ni msamaha wa usajili tu. Sheria yenyewe haimsamehi mtu kwa udogo wake.

Sera ya kuazima

Baada ya kusikia haya yote, mtu huenda kwenye intaneti, hutafuta sera ya kampuni kubwa, huinakili, hubadilisha jina na kuibandika. Tumewaona wanaofanya hivyo. Kibanda kimoja cha fotokopi kilikuwa na tangazo lililosema kinatunza taarifa za wateja "katika vituo vyetu vya data vilivyoko katika mabara matatu". Kibanda chenyewe hakina choo.

Tunacheka, lakini jambo hili ni zito. Sera ni ahadi, na ahadi iliyoandikwa hudaiwa. Marekani wana mfano mzuri. Kampuni ya kuuza vitu vya watoto kwa intaneti, Toysmart, ilikuwa imewaahidi wateja kwamba taarifa zao hazitapewa mtu mwingine kamwe. Mwaka 2000 ilifilisika, na orodha ya wateja, yenye hata majina na tarehe za kuzaliwa za watoto, ikatangazwa kuuzwa pamoja na mali nyingine. Tume ya biashara ya serikali iliipeleka mahakamani kwa kuwadanganya wateja, na mwishowe, mwaka 2001, orodha hiyo iliharibiwa badala ya kuuzwa. Neno "kamwe" lilikuwa limeandikwa na mtu ambaye hakuwaza siku ya kufilisika. Kwa hiyo tunawaambia wanafunzi wetu waandike kile wanachokitenda hasa, na wakitaka kuahidi zaidi waanze kwanza kukitenda. Sera fupi yenye ukweli inamfaa mteja. Sera ndefu ya kuazima ni ushahidi dhidi ya aliyeibandika.

Hii ndiyo tuliyobandika sisi, baada ya kuiandika mara sita:

"Dawati hili hupokea nyaraka zako kwa kazi ya tafsiri tu. Huonwa na mtafsiri na msahihishaji wake, ambao majina yao utaambiwa ukiuliza. Hatutunzi nakala ya kitambulisho chako. Tafsiri hukaa katika kompyuta yenye nywila kwa siku 60 ili uweze kuomba marekebisho, kisha hufutwa. Karatasi usipozichukua tutakupigia simu mara mbili, na baada ya siku 90 tutazichana. Hatutumii nyaraka zako darasani ila kwa ridhaa yako ya maandishi, na hapo majina na mahali pote huondolewa na watu wawili tofauti. Ukikataa, utahudumiwa vilevile na kwa bei ileile. Una haki ya kuona tulichonacho kukuhusu, kusahihisha, au kutuambia tukifute mapema. Likitokea tatizo, kama vile kompyuta kuibiwa, tutakuarifu wewe na ofisi husika bila kuchelewa."

Wahariri wa lugha wataona kwamba hakuna sentensi iliyoanza kwa "inatarajiwa kwamba" wala "taarifa zaweza kutumika". Tuliyaondoa makusudi. Kauli ya kutendwa isiyotaja mtendaji ni kichaka kizuri cha kujifichia. Anayesema "taarifa zitatumika" hajasema nani atazitumia. Katika darasa la tafsiri tumelifanya kuwa zoezi: mwanafunzi hupewa sera ya kampuni iliyojaa kauli za kutendwa, naye hutakiwa kumtafuta mtendaji wa kila kitenzi. Mara nyingi hampati, na hapo ndipo anapoelewa kampuni ilikuwa inasema nini.

"Watu wawili tofauti" tuliiongeza kwa ajili ya ule ukurasa wa tatu. Yule mwanafunzi, ambaye sasa amehitimu, ndiye aliyependekeza maneno hayo tulipomwomba aisome rasimu.

Yapo ambayo bado hatujayamaliza. Baadhi ya wateja hawasomi, na wengine Kiswahili chao ni cha sokoni tu, hivyo mwalimu wa zamu huwasomea tangazo kwa Kiganda au kuwaeleza kwa Kifaransa cha kuokoteza. Neno "ridhaa" linawasumbua. Wapo wanaolisikia kama kuridhika na huduma. Tumejaribu "ruhusa yako", na inaelekea kueleweka vizuri zaidi. Tungependa pia kupata tafsiri za tangazo hili kwa Runyankole, Kiacholi na Kinyarwanda, na wanafunzi wanaozimudu lugha hizo wanaombwa wafike dawatini siku za kazi kabla ya saa tisa alasiri. Wahitimu wanaotaka nakala kwa ajili ya biashara zao watapewa bure. Tutawauliza swali moja tu kabla ya kuwapa: katika droo yenu mna flashi ngapi, na ni za nani?